Rara Sarama

Ukishuka kutoka mashine ya kusaga kuelekea barabara ya Sumbawanga, hapa Mpanda, utaona benchi la mninga lenye miguu mitano. Mguu wa tano aliuongeza fundi Telesfori mwaka juzi, baada ya Profesa kuinuka ghafla kutetea hoja yake na wenzake wote kumwagika chini na kahawa yao. Hapo ndipo ninapouzia kahawa, mimi Mama Recho, kuanzia saa tisa mchana mpaka birika liishe. Wateja wangu wa kudumu ni wanne, na nawataja mapema msije mkanisumbua mbele ya safari. Kuna Profesa, jina lake la ubatizo Gaudensi, Mpimbwe wa kule Mamba, aliyekuwa karani wa chama cha tumbaku. Kuna Kamishna, ndiye Danford, kijana wa bodaboda, anayeongea kama mtangazaji wa redio za Dar na Dar kwenyewe hajafika. Mwisho wake Tabora, tena alitapika njiani. Kuna Zege, fundi Elia, mwashi, ambaye kila jambo la dunia hii analieleza kwa saruji. Na huyo Telesfori, seremala, mtu wa Katumba, karakana yake iko hapo hapo nyuma ya benchi. Wanavyosema ndivyo ninavyowaandika, mimi sinyooshi ulimi wa mtu. Atakayeona amechekwa aje achukue kikombe cha bure, kimoja tu.

Alhamisi moja Telesfori alitoka karakanani na randa mkononi, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Hakusalimia, na Telesfori ni mtu wa kusalimia mpaka mbuzi. Akachomoa karatasi mfukoni akampa Profesa.

— Soma. Soma kwa sauti, wasikie wote.

Profesa akavaa miwani, akakohoa kikarani.

— Kwa mzazi wa Jeannine, dalasa la kwanza. Mtoto ana bidii, lakini katika imla anachanganya L na L.

— Anachanganya nini na nini? Kamishna akadakia.

— L na L. Imeandikwa hapa.

— Profesa, hizo ni L mbili. Mtu anachanganyaje kitu na kitu hicho hicho? Ni sawa na kuchanganya maji na maji!

— Mimi nasoma kilichoandikwa! Kuna L hii ya kwanza, na kuna L hii ya pili. Kwani wewe huoni maumbo yametofautiana?

— Rete hapa, Telesfori akamnyang'anya. Hujui kusoma wewe. Imeandikwa, anachanganya R na R.

Nilikuwa namimina kahawa, ikabidi niweke birika chini. Kamishna alicheka mpaka helmeti yake ikabiringika barabarani, na hakwenda kuiokota mpaka alipomaliza.

Kwa asiyetufahamu, mambo ya Katavi yako hivi. Sisi Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, lugha za nyumbani zimetulea kwa L tu. R tulikutana nayo shuleni, na wengine hatujazoeana nayo mpaka leo. Profesa anapita balabalani, anakula mahalage. Wenzetu wa Katumba, ambao wazazi wao walitoka Burundi, wamelelewa na Kirundi, na Kirundi kimewapa R. Telesfori anakura wari, anarara saa tatu. Ukiwakalisha hawa wawili benchi moja, kwa pamoja wana herufi zote, ila hakuna anayekubali kumwazima mwenzake.

Kamishna, ambaye kwa haki ya Mungu anazo zote mbili, akachukua ile karatasi akasoma iliyobaki kwa sauti ya taarifa ya habari.

— "Nimemuuliza mtoto, amesema anasomewa hadithi na baba yake kila siku kabla ya kulala. Kwa sasa naomba mzazi uache kumsomea, ili asizoee makosa. Asante. Mwalimu wa darasa." Na muhuri upo.

Kicheko kikakatika. Maana sote tulikuwa tunajua habari za kile kitabu anachomsomea binti yake. Telesfori alikinunua sokoni, chakavu, jalada halina na kurasa za mwanzo hazipo. Ukikifungua unamkuta fisi ameshaingia shimoni tayari. Yeye mwenyewe hajawahi kusomewa kitu maishani mwake. Kwao Katumba walikuwa watoto tisa, na baba yake jioni alikuwa wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kulinda moto usizimike. Lakini tangu Jeannine akiwa na miaka mitatu, ikifika saa kumi na mbili randa inawekwa chini, hata kama mteja amesimama mlangoni. Ukimlalamikia anakwambia, mrango utasubiri, mtoto hasubiri. Sasa Jeannine ana miaka saba.

— Pole sana, fundi mwenzangu, Zege akasema.

— Sitaki pore. Nauriza. Nimekosa nini?

— Kosa si lako hata kidogo, Profesa akasema, akijipanga vizuri kwenye benchi, nikajua tumekwisha. Kosa ni la Wajelumani na Wabelgiji. Walipogawana nchi hizi, walikaa mezani wakagawana na helufi. Mjelumani akachukua L. Mbelgiji akabeba ile nyingine. Wakaweka Ziwa Tanganyika katikati, zisilukiane.

— Sasa mbona Kamishna anazo zote mbili? nikamuuliza.

— Huyo alivusha kwa magendo.

— Mimi naona ni suala la kiufundi, Zege akasema. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Fikirieni vizuri. Hauna mfupa maana yake hauna nondo. Na zege bila nondo si linapinda? Ulimi wa Telesfori umepindia kwenye R, wa Profesa umepindia kwenye L. Dawa ni kuutia nondo.

— Unautiaje nondo ulimi wa mtu, Elia?

— Kijiwe kidogo chini ya ulimi, siku saba, hakuna kukitoa hata kwenye kula. Ikigoma, hiyo ni tezi. Wahenga walishasema, mwenda tezi na homa, marejeo hospitali.

Recho wangu, ambaye yuko sekondari, alishaniambia kwamba methali hiyo ni ya vyombo vya majini, haina homa wala hospitali. Lakini Zege ukimsahihisha anarudia kwa sauti zaidi, kwa hiyo nikanyamaza.

— Oya, acheni ushamba, Kamishna akasema, simu ameshaitoa. Dunia imehama nyie mmebaki na vijiwe. Simu inasoma yenyewe! Unagusa hapa, mdada wa Dar anakushushia hadithi, Kiswahili kimenyooka kinoma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na simu.

— Nirijaribu, Telesfori akasema. Jumatatu nirijaribu. Yure dada arisoma vizuri, sikatai. Mtoto akamuuriza, fisi huyo ni mkubwa kama nani? Dada akaenderea. Akamuuriza tena. Dada akaenderea. Kisha fisi akiwa mrangoni kwa mbuzi, ikaingia kamari ya mpira. Tangazo. Mtoto akanigeukia, baba, kumbe mbuzi amebeti?

— Hayo matangazo yanatolewa, kuna namna...

— Sitaki namna. Mimi nikiurizwa fisi ni mkubwa kama nani, nasema kama mbwa wa mwenyekiti. Anaerewa.

— Sawa, sawa. Sasa mzee baba, usimaindi, Kamishna akasema huku anacheka, lakini nyie watu wa Katumba nanyi...

Randa ikatua kwenye benchi. Haikupigwa, ilitua tu, lakini vikombe vyote viliisikia.

— Sisi watu wa Katumba nini?

— Aah, natania, kaka.

— Mariza.

Kamishna akatazama kahawa yake utadhani imeandikwa jibu.

— Baba yangu arivuka mwaka wa sabini na mbiri, Telesfori akasema. Mimi nimezariwa Katumba. Nimesoma Katumba, kwa Kiswahiri, nikachapwa kwa Kiswahiri. Cheti cha uraia kiko sandukuni, ukitaka nikukaribishe uje usome. Mirango ya nusu ya mtaa huu nimetengeneza mimi. Danford, mrango wa kwenu nimetengeneza mimi. Umewahi kuusikia unafunga kwa R?

— Yaishe, kaka. Nimekosa.

— Wewe hujakosa, wewe unatania. Darasani hawatanii. Wakati wa mapumziko wanamzunguka, Jeannine, hebu sema kura wari. Anasema. Wanacheka. Kesho tena. Jana nimefungua kitabu, mnajua ameniambia nini? Ameniambia, baba, reo soma kimoyomoyo.

Hakuna aliyekunywa.

— Nikasoma kimoyomoyo, akasema. Nafungua kurasa, nafungua kurasa, yeye ananitazama usoni. Mimi mtu mzima na ndevu zangu, nimekaa kitandani na kitabu, mdomo nimefunga. Sirudii. Nawaambia nyie muwe mashahidi. Sirudii!

Niliumia, sifichi. Nikamchukia yule mwalimu kama dakika mbili hivi, halafu nikakumbuka darasa lake lina watoto tisini, na yeye anachotaka ni huyu mmoja asichekwe, nikaacha. Nikamchukia Kamishna badala yake, kwa kuwa yuko karibu.

— Subilini, subilini! Profesa akajipiga goti. Mbona jambo lenyewe dogo? Shida ni L. Basi asome hadithi isiyo na L!

— Haiwezekani, nikamwambia. Hadithi inaanza hapo zamani za kale. L hiyo hapo, hata nyumba hatujaingia.

— Paukwa, Zege akasema.

— Pakawa! tukaitika wote, na mimi nikiwemo, bila kukusudia.

— Mmeona? Hakuna L!

Basi wakashika moto. Kwanza wanyama. Fisi hana L. Mbuzi hana. Simba, tembo, chui, nyani, kobe, wote safi.

— Sungula! Profesa akapaza sauti. Sungula naye hana L!

Kamishna akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu, akaufunga.

— Tuanze, Zege akasema. Fisi alikuwa na njaa.

— Alikuwa ina L, nikamkamata.

— Fisi akawa na njaa.

— Hapo sawa. Akaenda kwa mbuzi.

— Akabisha hodi mlangoni.

— Mlango una L!

— Akabisha hodi dirishani.

— Fisi gani huyo anabisha hodi dirishani?

— Fisi wa mjini, Kamishna akasema. Kila mtu ana ustaarabu wake. Mbuzi akasema karibu.

— Fisi akaingia ndani, akamla...

— Aaa! tukamzomea Zege wote.

— Akamtafuna! Kamishna akaruka juu. Akamtafuna mbuzi mzima mzima, mifupa na pembe! Akashiba!

— Akalala using...

— Akasinzia! Profesa akafunga.

— Haba na haba hujaza kibaba, Zege akasema, na hakuna aliyejua kwa nini.

Telesfori alikuwa amesimama muda wote huo, mikono kifuani. Nikaona uso unaanza kulegea. Akasafisha koo, akaisema yote tangu mwanzo, taratibu, kwa ile sauti yake nzito ya kuongea na mbao:

— Paukwa, pakawa. Fisi akawa na njaa. Akaenda kwa mbuzi. Akabisha hodi dirishani. Mbuzi akasema karibu. Fisi akaingia ndani, akamtafuna mbuzi mzima mzima, mifupa na pembe. Akashiba, akasinzia.

Wallahi haikuwa na kasoro. Ungemweka redioni. Kamishna alipiga makofi ya kweli, sio ya utani, na mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo ya unga akasimama kutazama kuna nini. Profesa akainua kikombe.

— Helufi imeshindwa! Kazi imekwisha. Mama Lecho, ongeza kahawa.

— Na mwisho? Telesfori akauliza.

— Mwisho upi tena? Fisi si ameshasinzia?

— Fisi amesinzia, ndiyo. Mimi nikifunga kitabu, mtoto namwambia nini?

— Unamwambia lala sala... Zege akajiziba mdomo kwa mkono wa saruji.

Tulihesabu kwa vidole. L tatu. Tatu nzima ndani ya maneno mawili, na ni maneno mepesi kuliko yote ambayo mtu mzima humwambia mtoto.

— Usiku mwema! Profesa hakukubali kushindwa. Mwambie usiku mwema. Nimekagua, haina L hata moja.

— Nirisema, Telesfori akasema. Jana hiyo hiyo, nimemariza kusoma kimoyomoyo, nikafunga kitabu, nikasema usiku mwema. Nikazima taa. Namsikia hajarara, anageuka geuka. Nikauriza, Jeannine, nini? Akasema, baba, bado hujasema. Sijasema nini? Akasema, rara sarama.

— Alisema hivyo hivyo? Kwa R? Kamishna akauliza.

— Hivyo hivyo. Kwa mdomo wake.

— Ukafanyaje?

— Nikasema. Akageukia ukutani, akarara. Telesfori akainama akaokota randa yake pale benchini. Hiyo siitoi. Mwarimu akitaka anifute kwenye kikao cha wazazi. Akitaka aje na fimbo. Hiyo siitoi kwa mtu yeyote!

Nilitaka kupiga kigelegele, lakini Profesa alikuwa ameshavua miwani, na Profesa akivua miwani ujue anaongea kwa moyo, hapo hana mzaha.

— Nisikilize, mdogo wangu. Mimi nimekaa ofisini miaka ishilini na mbili. Balua ikishakuwa na muhuli, hupingani nayo. Utaitwa. Utaambiwa mkaidi. Na mtu mwenye jina la Katumba kama lako, akiambiwa mkaidi, linakaa. Acha kumsomea mwaka mmoja tu. Mtoto ashike L yake, halafu endelea.

— Mwaka mmoja atakuwa na miaka nane. Miaka nane atasema, baba, mimi ni mkubwa, toka kitandani kwangu.

— Basi.

— Basi nini? Jina rangu ni Teresfori. Muhuri haung'ati.

— Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, Zege akasema kwa upole. Kaka, mimi nakupenda, lakini acha. Kwa ajili ya mtoto. Wanamcheka yeye, hawakucheki wewe.

— Ni kweli, bro, Kamishna akasema. Mwalimu ni mwalimu.

— Tupige kula, Profesa akasema. Wanaosema aache, mikono juu.

— Pigeni, Telesfori akawaambia. Mimi sipo kwenye daftari renu.

Profesa akanyoosha mkono. Zege akanyoosha. Kamishna alichelewa kidogo, akanyoosha. Nami nawaambia ukweli, maana hapa sidanganyi mtu: mkono wangu wa kulia uliacha birika. Niliogopa kwa ajili yake. Nilimfikiria Jeannine katikati ya ule mzunguko wa watoto, nikaona pengine Profesa amesema la maana. Mkono ulikuwa umefika begani wakati mtu aliposema nyuma yetu:

— Hodi jamani. Kwani mnaapishwa?

Alikuwa mama mmoja wa Kabungu, anaitwa Lucia, amefuata fremu ya dirisha aliyoagiza. Vumbi la safari limemfika magotini. Nikamsogezea kigoda, nikampa kahawa, nikamweleza kwa kifupi: huyu fundi humsomea binti yake hadithi kabla ya kulala, L kwake inakuwa R, mtoto ameizoea, mwalimu ameandika barua kwamba baba aache, na sisi hapa tunapiga kura.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akapuliza kahawa.

— Sasa akiacha, nani atamsomea?

— Si mama yake, Kamishna akasema haraka.

— Vénérande ni wa kwetu Katumba, Telesfori akajibu. R yake ni kubwa kuriko yangu.

— Basi mwalimu.

— Mwalimu aje jioni akae kitandani kwao? nikamuuliza. Na wale themanini na tisa awapeleke wapi? Wewe, Danford. Herufi zote mbili unazo. Utakwenda?

— Mimi... jioni niko barabarani, Mama Recho. Abiria wa stendi, si unajua.

— Wa kwako mwenyewe unamsomea? mama Lucia akamuuliza.

Kamishna ana mtoto wa miaka minne. Akachukua helmeti yake akaanza kufungua na kufunga mkanda. Mkanda ulikuwa mzima.

Mama Lucia akamgeukia Profesa, si kwa ubaya, kwa sababu ndiye mzee pale. Profesa akafuta kioo kimoja cha miwani, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza.

— Mimi nina sita, Zege akasema. Hakuna aliyemuuliza. Sita, na sijamsomea hata mmoja. Kusoma najua. Nilidhani ni kazi ya shule.

Recho nilimlea vizuri, alikula, alivaa, alisoma. Jioni nilikuwa namwambia zima taa, mafuta ya kibatari yanaisha. Ndiyo hadithi niliyompa.

— Mimi nimeuliza tu, mama Lucia akasema, akaendelea kunywa.

Mikono ilishashuka, sijui wa nani ulitangulia. Mashine ya kusaga ilinguruma kule juu, gunia likaisha, ikanyamaza. Telesfori akamwendea Profesa akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake bila kuomba. Akaigeuza barua ya mwalimu upande mweupe, akaiweka juu ya benchi, akapiga goti moja chini kama anayepima ubao. Aliandika polepole. Akikanyaga herufi moja anaimaliza ndipo anakwenda nyingine.

— Mama Recho, soma wewe, akasema. Kwa sauti.

Sijawahi kusoma kitu kwa sauti mbele ya watu tangu niache darasa la saba. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikasoma.

"Mwalimu, salaam. Barua yako nimeipata na nimeielewa. Mtoto mfundishe L huko shuleni, maana wewe unayo na mimi sina. Hadithi nitaendelea kumsomea mimi nyumbani, kwa sauti, kila siku kabla ya kulala, kwa ulimi huu nilio nao. Wakimcheka, waambie waje na wao, kitandani pana nafasi. Ni mimi Telesfori, baba yake."

Nikaisoma mara ya pili kimya, kidole kikifuata mstari, natafuta herufi iliyokosewa. Haikuwepo. L zote alikuwa ameziweka mahali pake.